"NI KWELI, MHESHIMIWA": KISWAHILI KATIKA MAHAKAMA ZA NAKURU NA BONDE LA UFA LA KATI

Mahakama ni miongoni mwa majengo machache ya serikali nchini Kenya ambamo mwananchi yeyote anaruhusiwa kuingia, kuketi na kusikiliza bila kuulizwa shida iliyomleta. Kifungu cha 50 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataka mashauri yasikizwe hadharani, isipokuwa machache, hasa yale yanayowahusu watoto. Kwa mintarafu hii, wanafunzi wa Kiswahili wanaoitafuta lugha jinsi inavyotumika, na si jinsi inavyoandikwa vitabuni, wana maabara isiyotoza ada. Marafiki wanne wakichangiana nauli ya matatu wanaweza, kwa muda wa juma moja, kupitia Naivasha, Nakuru, Molo, Eldama Ravine na Nyahururu, na katika kila kituo wakapata benchi la nyuma na asubuhi nzima ya lugha. Makala haya yanaifuata njia hiyo. Yanajaribu kueleza kinachoyapata maneno ya Kiswahili tangu yanapotamkwa kizimbani hadi yanapoingia katika kumbukumbu za mahakama, na kwa nini jambo hilo si la wanasheria peke yao.

Yafaa kwanza kuondoa dhana moja iliyoenea. Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, watu wengi huzungumza juu ya "mahakama ya kaunti" kana kwamba gavana ana mamlaka juu yake. Sivyo. Idara ya Mahakama ni asasi ya kitaifa, na hakimu wa Molo na mwenzake wa Nyahururu wanatumikia idara moja ijapokuwa mmoja yuko Kaunti ya Nakuru na mwingine Laikipia. Kesi nyingi huanzia kwa mahakimu, rufaa zao huenda Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufaa, na juu kabisa Mahakama ya Juu. Nakuru, ambayo ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, ina Mahakama Kuu, mahakama za mahakimu na mahakama ya Kadhi. Katika hii ya Kadhi, inayoshughulikia ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu, Kiswahili hakihitaji kutetewa na mtu.

Safari ya aina hii haina budi kuanzia Naivasha, na sababu yake ni ya kihistoria. Hadi mwaka 1902 Naivasha na Eldama Ravine zilikuwa sehemu ya Uganda kiutawala. Mwaka huo ndipo mkoa huo wa mashariki ulipohamishiwa himaya ya Afrika Mashariki, iliyokuja kuwa Kenya. Miaka miwili baadaye, mwaka 1904, yalifanyika Naivasha makubaliano baina ya watawala wa Kiingereza na viongozi wa Wamaasai, Lenana akiwa mbele yao. Kwa makubaliano hayo Wamaasai waliiacha ardhi ya kati ya Bonde la Ufa, iliyopakana na reli, wakagawanywa kati ya Laikipia na eneo la kusini. Waliahidiwa kwamba mpango huo ungedumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Hati yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza. Wazee waliotia alama zao hawakuijua lugha hiyo. Maneno yaliwafikia kupitia wakalimani, mmoja wa Kiswahili na mwingine wa Kimaasai. Kwa maneno mengine, Kiswahili kilikuwa daraja la katikati: kilipokea kutoka Kiingereza na kukabidhi kwa Kimaasai. Hakuna aliyeandika kilichosemwa juu ya daraja hilo. Yaliyobaki ni maandishi ya Kiingereza upande mmoja na alama za wazee upande wa pili.

Ahadi hiyo haikumaliza hata muongo mmoja. Mwaka 1911 yalifanywa makubaliano mengine, na Wamaasai wa Laikipia wakatakiwa kuhamia kusini. Mwaka 1913 baadhi yao, wakiongozwa na Ole Njogo, walifanya jambo lililowashangaza wakoloni: walikwenda mahakamani. Walishindwa. Mahakama ilishikilia kwamba makubaliano yale yalikuwa mkataba baina ya dola na dola, na kwa hiyo mahakama ya kawaida haikuwa na uwezo wa kuyachunguza. Ni kinaya kikubwa. Watu walewale ambao hawakuhesabiwa kuwa na dola pale ardhi ilipotwaliwa, walihesabiwa kuwa na dola pale walipodai haki. Swali la lugha, yaani wazee wale walielewa nini hasa mwaka 1904, likabaki bila jibu la mahakama.

Nje kidogo ya njia ya safari hii, kaskazini, liko Kapenguria, ambako Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa kati ya Desemba 1952 na Aprili 1953 katika chumba cha darasa kilichogeuzwa mahakama. Huko mkalimani mwenyewe alikuwa hoja. Louis Leakey, mwana wa wamisionari aliyekua akisema Kikuyu, alipewa kazi ya kutafsiri. Wakili wa utetezi, D. N. Pritt, akapinga kwamba mtu aliyekwisha kuandika na kusema waziwazi dhidi ya Mau Mau hawezi kuwa mdomo wa mashahidi na sikio la mahakama kwa wakati mmoja. Baada ya mivutano Leakey aliiacha kazi hiyo. Kesi ya Kapenguria hutajwa kwa sababu za kisiasa, nazo zina uzito wake. Lakini kwa mwanafunzi wa isimu ni ushahidi kwamba mkalimani si bomba ambalo maneno hupita yakatoka jinsi yalivyoingia.

Sheria ya leo inasemaje? Kifungu cha 7 cha Katiba kinaitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo iwapo haielewi lugha ya kesi. Ni kosa kudhani kwamba haki hizi zilizaliwa mwaka 2010, kwa kuwa katiba ya zamani, katika sehemu yake ya 77, ilikuwa na maneno yanayokaribiana na hayo. Nayo Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, katika sehemu ya 198, inaagiza kwamba ushahidi utafsiriwe mbele ya mshtakiwa kwa lugha anayoielewa, na kwamba lugha ya Mahakama Kuu iwe Kiingereza, ya mahakama za chini iwe Kiingereza au Kiswahili. Neno "au" katika sentensi hiyo limebeba mzigo mkubwa kuliko umbo lake. Kwa mujibu wake, hakimu wa Molo hakatazwi na sheria kuendesha kesi kwa Kiswahili na kuiandika kwa Kiswahili. Kinachotokea kwa kawaida ni nusu ya jambo hilo: kesi huendeshwa kwa Kiswahili, lakini hakimu huandika kwa Kiingereza.

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Asubuhi, watu waliokamatwa siku iliyotangulia hufikishwa kortini, kwa kuwa Katiba inaagiza wafikishwe ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo uishie nje ya saa za kazi za mahakama. Karani husimama, husoma shtaka, hulieleza kwa Kiswahili, kisha humuuliza mshtakiwa: ni kweli au si kweli? Mshtakiwa hujibu kwa maneno mawili, "Ni kweli". Katika daftari la hakimu jibu hilo huandikwa kwa Kiingereza, na mara nyingi huwa limekwisha kugeuka kuwa kukiri kosa.

Tuyatazame maneno hayo mawili kama tunavyofunzwa kutazama sentensi. "Ni" ni kitenzi kishirikishi kisichobeba kiambishi cha nafsi. "Kweli" ni nomino. Kiima hakipo. Kipi ndicho kweli? Kwamba mshtakiwa alikuwepo mahali pale? Kwamba alikutwa na kitu kile? Kwamba alikamatwa? Au kwamba alitenda kosa pamoja na viungo vyake vyote vya kisheria, ikiwemo nia? Tuchukue kosa la kupatikana na mali ya wizi, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 14. Sheria haimtii hatiani mtu kwa kushika tu kitu kilichoibwa. Sharti awe alijua, au alikuwa na sababu ya kuamini, kwamba kitu hicho kiliibwa. Mwendesha bodaboda aliyenunua simu sokoni akiulizwa kama ni kweli alipatikana na simu iliyoibwa, atasema ni kweli. Alipatikana nayo. Ya kwamba iliibwa ameelezwa na polisi, na hana sababu ya kuwabishia. Hajakiri kosa. Amekubali habari.

Hali ni hiyo hiyo kwa mashtaka ya misitu yanayotarajiwa katika korti zilizo karibu na Mau. Mtu aliyekutwa na gunia la makaa atasema ni kweli gunia ni lake. Kama alichoma makaa hayo ndani ya msitu wa serikali bila kibali, au aliyanunua kwa mtu aliyeyachoma shambani kwake, ni swali ambalo "ni kweli" halijaligusa.

Liko pia neno "naomba msamaha". Katika mila za jamii nyingi za Bonde la Ufa, na za Waswahili vilevile, kuomba msamaha ni namna ya kupoza ugomvi na kumstahi mkubwa. Mtu huomba msamaha hata kwa kosa lisilo lake ili mambo yaishe. Kortini maneno hayo yakifuata "ni kweli", huwa kama msumari wa pili.

Mahakama zenyewe hazikulifumbia macho jambo hili. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, iliweka utaratibu unaofuatwa hadi leo. Shtaka na viungo vyake vyote muhimu vielezwe kwa lugha ya mshtakiwa au lugha anayoielewa. Maneno yake mwenyewe yaandikwe, na akikubali, ndipo kukiri kuingizwe katika kumbukumbu. Kiongozi wa mashtaka kisha aeleze jinsi mambo yalivyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza lake. Akisema lolote linalotia shaka, kukiri kufutwe na kesi isikizwe. Ukiusoma kwa jicho la lugha, utaona kwamba huu ni mtihani wa ufahamu: mahakama inamuuliza mtu jambo lile lile mara mbili, mara ya kwanza kama sheria na mara ya pili kama hadithi, ili ijue kama alielewa. Tatizo liko katika agizo la kuandika "maneno yake mwenyewe". Yakiandikwa kwa Kiingereza, hayo si maneno yake tena.

Uzito wa jambo hili hauonekani siku ile ya kwanza. Huonekana wakati wa rufaa, kwa sababu sehemu ya 348 ya sheria iliyotajwa inamnyima aliyekiri kosa nafasi ya kukata rufaa juu ya hatia. Anaweza tu kulalamikia adhabu, ukubwa wake au uhalali wake. Mlango unaobaki ni kuonyesha kwamba kukiri kwenyewe hakukuwa wazi. Na ushahidi wa hilo hutafutwa katika kumbukumbu ambazo haziyahifadhi maneno yaliyotamkwa. Mara kadhaa mahakama za rufaa zimebatilisha kesi kwa sababu hakimu hakuandika ni lugha gani iliyotumika. Kwa hiyo leo kumbukumbu nyingi hubeba maelezo mafupi kwamba kesi ilitafsiriwa "Kiingereza/Kiswahili". Mstari huo mfupi unatosha kuonyesha kwamba mtu alitafsiri. Hauonyeshi alitafsiri nini.

Yule anayetafsiri ni karani wa mahakama. Ndiye huita kesi, hutunza mafaili, huwaapisha mashahidi, na katikati ya hayo yote hugeuza lugha mbili au tatu kwa siku nzima akiwa amesimama. Haifai kumdharau, wengi wao wana ustadi ambao haukupatikana darasani. Lakini tuangalie anayotakiwa kuyafanya. Shahidi anasema "alimpiga". Kiswahili hakitofautishi jinsia katika nafsi ya tatu, nacho Kiingereza hakikubali kukaa bila kuitofautisha. Karani lazima achague papo hapo nani mwanamume na nani mwanamke. Shahidi anasema "tulipigana", kitenzi chenye kauli ya kutendana. Katika Kiingereza chaweza kutoka kama kukubali kwamba yeye naye alipiga, ilhali katika mazungumzo ya kila siku watu husema "tulipigana" hata mmoja alipokuwa akijikinga tu.

Shahidi anasema alikatwa "mkono". Mkono wa Kiswahili huanzia begani hadi ncha za vidole. Fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kueleza majeraha, itasema kwa Kiingereza kama ni kiganja au ni sehemu ya juu. Wakili mwerevu atashika karatasi mbili na kudai kwamba shahidi amejipinga. Hajajipinga, lugha mbili zimeugawa mwili kwa njia tofauti. Mguu una mkasa uo huo.

La hatari kuliko yote pengine ni saa. Mwananchi wa Njoro anaposema alivamiwa saa mbili, anamaanisha saa mbili baada ya jua kutua, ambayo kwa saa ya Kiingereza ni nambari nane. Karani aliyechoka akiitamka kama nambari mbili, tukio limehamishwa kutoka jioni, watu wakiwa bado njiani na taa za maduka zikiwaka, hadi usiku wa manane. Katika kesi za wizi wa mabavu, ambazo sheria inaziwekea adhabu ya kifo, ushahidi wa kumtambua mtu hutegemea mno mwanga uliokuwepo. Katika eneo linalopitiwa na ikweta, saa kumi na mbili jioni kuna mwanga wa kumtambua jirani, na saa moja usiku hakuna. Tofauti hiyo ya saa moja huweza kuamua kesi.

Tena, si kila anayesimama kizimbani Nakuru ni mjuzi wa Kiswahili. Mji huu na mashamba yanayouzunguka umekusanya wasemaji wa Kikuyu, Kikalenjin, Kiluhya, Kijaluo, Kigusii, Kimaasai na Kiturukana. Naivasha, yenye mashamba ya maua, ni mkusanyiko wa Kenya nzima. Kiswahili cha hapa ni cha bara, chenye upatanisho wa kisarufi unaowakera walimu, na si haki kumhukumu shahidi kuwa mwongo kwa kuwa amechanganya "ameenda" na "alienda". Jina "Kikalenjin" nalo linaficha mengi. Kumbukumbu zikisema mkalimani wa Kikalenjin alikuwepo, hazijasema kama alikuwa msemaji wa Kipokot au wa Kipsigis, na tofauti ya hizo mbili si ya lafudhi peke yake. Viziwi, ambao Katiba inawatambulia haki ya lugha ya ishara, wanamtegemea mkalimani ambaye huenda akahitaji kuletwa kutoka mji mwingine.

Ulinganisho mmoja unafaa hapa. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliifikia Nakuru na Naivasha mwishoni mwa Januari 2008, na mashambulizi ya miji hiyo miwili yakawa sehemu ya mashtaka mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague. Mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, na kesi ya William Ruto na mtangazaji Joshua arap Sang ilisitishwa Aprili 2016. Yaliyoandikwa juu ya kesi hizo ni mengi mno. Ambalo halikuandikwa sana ni kwamba huko Kiswahili kilikuwa na wakalimani waliofunzwa, walioketi ndani ya vibanda vya vioo na kuzungumza kupitia vinasa sauti, na kila neno likirekodiwa. Shahidi kutoka Bonde la Ufa alipata huko, maelfu ya kilomita kutoka kwao, huduma ya lugha ambayo haipatikani katika korti iliyo hatua chache kutoka steji ya matatu anayoitumia.

Wapo wanaosema kwamba dawa ni kufuata mfano wa Tanzania, ambako mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Hoja hiyo ina mashiko, hasa kwa mahakama za mahakimu ambazo, kama ilivyoelezwa, sheria ya Kenya haizizuii. Pingamizi la kawaida kwamba Kiswahili hakina istilahi halina nguvu tena: orodha ya istilahi za sheria ya A. B. Weston ilichapishwa Dar es Salaam tangu mwaka 1968, na kamusi za sheria zimefuata. Upungufu uliopo ni wa namna nyingine. Istilahi za kamusini na zile za karani wa Molo hazijakutana. Kamusi itakupa neno moja la "kukiri". Karani ana maneno "kubali", "itikia", "ni kweli" na "umeelewa", na huyatumia kwa zamu kulingana na umri wa mshtakiwa na foleni iliyobaki. Hakuna anayeyakusanya. Kazi hiyo haihitaji shahada ya sheria. Inahitaji daftari, subira na benchi la nyuma, na ni ajabu kwamba tasnifu zinazoandikwa kila mwaka juu ya mtindo wa mshairi yule yule hazijaacha nafasi kwa maneno ambayo watu hufungwa kwayo.

Katika Mahakama Kuu ya Nakuru, siku ya rufaa za wafungwa, mambo hugeuka. Mrufani asiye na wakili huwa amewasilisha sababu zake kwa maandishi ya Kiingereza, pengine akisaidiwa na mfungwa mwenzake aliyejifunza mambo ya sheria gerezani, na sheria ilimpa siku 14 tangu hukumu kufanya hivyo. Karatasi hiyo husema kwamba hakimu alikosea kisheria na kimambo, kwamba kukiri hakukuwa wazi, kwamba lugha haikuonyeshwa. Jaji huisoma, kisha humwangalia aliyesimama na kumuuliza kama ana la kuongeza. Karani hutafsiri. Mrufani, ambaye huenda hakuisoma karatasi iliyobeba jina lake, hujibu kwa Kiswahili kwamba siku ile alisema ni kweli kwa sababu aliulizwa kama jina lililosomwa ni lake.